Kitanzi kimekwenda wapi?

SWALI: Daktari, nimejifungua mtoto wa tatu kwa njia ya kawaida, sasa ni wiki ya saba. Kabla ya kutoka hospitali niliwekewa kitanzi kwa hiari yangu. Nikijigusa sikuti nyuzi. Mama mkwe anasema kimeshanipanda kifuani. Nifanyeje?
Mama Watatu, Kwamtipura, Unguja

JIBU: Dada yangu, mwambie mama mkwe, kwa adabu, kwamba kutoka kwenye kizazi hakuna njia ya kwenda kifuani.

Kitanzi cha baada ya kuzaa huwekwa ndani ya dakika 10 tangu kondo la nyuma litoke, au kabla ya saa 48 kupita. Kizazi wakati huo bado ni kikubwa. Kikinywea, nyuzi huweza kubaki zimejikunja humo ndani zisiguswe kwa kidole. Wengine huwatokea kinyume: zinashuka mpaka nje. Hizo hupunguzwa kliniki, usizivute.

Ninachotaka kujua mimi ni kama kitanzi chenyewe kimo. Kuanguka ndiyo kasoro yake kubwa. Kati ya wanawake 100 wanaowekewa baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida, 10 hivi kitawatoka, aghalabu katika miezi mitatu ya mwanzo. Kwa anayewekewa wakati wa upasuaji, au anayesubiri wiki nne na zaidi, huanguka kwa nadra zaidi. Kikitoka hakimdhuru mtu, ila kinga imekwisha, na kinaweza kutoka pamoja na mabonge ya damu ya nifasi mwenyewe asijue. Huyo ndiye anayerudi na mimba akikilaumu kitanzi, kumbe hakikuwamo.

Kizazi kutobolewa pia kupo, lakini ni kwa mwanamke mmoja au wawili hivi katika 1,000. Hapo kitanzi huingia tumboni, jirani na matumbo, na hutolewa kwa upasuaji. Kwa hili mama mkwe hakukosea sana. Amekosea safari tu.

Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja au Lumumba; wa Kaskazini wana Kivunge, wa Kusini Makunduchi. Utaangaliwa shingo ya kizazi. Nyuzi zisipoonekana, utapimwa mimba, kisha ultrasaundi. Ikiwa kizazi ni kitupu, usikubali kuambiwa "kimeanguka" kwa kipimo hicho peke yake kama hukukiona kikitoka kwa macho yako. Omba eksirei ya tumbo, kwani ultrasaundi huweza kukikosa kilichojificha katikati ya matumbo. Mpaka upate jibu, mumeo atumie kondomu.

Ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali chini ya kitovu au damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo. Kama huna lolote kati ya hayo, nenda wiki hii, na uchukue kadi yenye tarehe uliyowekewa.