SOMO: Kuchuja Orodha Bila Kumpoteza Mtu



Orodha nyingi za huduma siku hizi huhifadhiwa katika kanzidata na kusomwa kwa njia ya intaneti. Mfano ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania, uliotokana na mpango wa HISP unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Humo kila takwimu hueleza mambo matatu: ni ya nini, ya wapi na ya lini. Anayetafuta huweka vichujio anavyovihitaji tu.

Tuseme parokia ina orodha ya wanafunzi wanaosaidiwa ada, yenye nafasi tatu za kuchuja: kata, mwaka na mihula iliyolipwa. Fundi azingatie haya:

1. Nafasi iliyoachwa wazi isiwe sharti. Mtumiaji akichagua Kivukoni tu, ombi liwe na sharti moja, la kata. Programu ikitafuta pia mwaka usioandikwa, huenda isilete hata jina moja, na kamati itadhani hakuna mwenye shida.

2. Wazi si sifuri. Anayeandika 0 kwenye mihula anawatafuta ambao hawajalipiwa kabisa. Programu ikiichukua 0 kama nafasi wazi, italeta wanafunzi wote.

3. Alichoandika mtumiaji kipokelewe kama thamani tu, kisiunganishwe na maneno ya amri. La sivyo, mwenye nia mbaya aweza kuingiza amri yake na kusoma siri za watoto.

Lipo jambo moja linalohusu kamati yenyewe. Mtoto ambaye kata yake haikujazwa haonekani ukichuja Kariakoo. Katika lugha ya SQL haonekani hata ukiomba "wasio wa Kariakoo", kwa sababu kisichojulikana hakihesabiwi kuwa sawa wala tofauti. Yumo kwenye kanzidata, lakini msaada unampita.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa fedha, jumlisheni idadi ya kila kata: Kivukoni, Kariakoo, Gerezani na nyinginezo. Linganisheni na idadi ya orodha nzima isiyochujwa. Ikipungua, tafuteni walioachwa wazi, mwulize mzazi au mlezi, kisha mjaze.

Kwa majadiliano: Katika orodha yenu, ni nafasi zipi hazijajazwa, na ni nani atazijaza kabla ya kikao kijacho?