RAMADHANI, SIKU YA 14: VIDONGE VYA VITAMINI E



Jana baada ya tarawehe mzee wetu mmoja alinionesha kopo la vidonge vya vitamini E. Kijana wake kamnunulia ili apate nguvu za kusimama. Anameza viwili kila daku. Nikamuuliza, "Babu, kuna dawa nyingine unatumia?" Akasema ndiyo, ya kuzuia damu kuganda. Nikashtuka. Vitamini E ikizidi nayo inazuia damu kuganda, na mbili zikikutana mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani bila kujua. Nimemwomba aache hivyo vidonge (siyo dawa yake!) na leo aonane na daktari.

Tupige hesabu. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 15 kwa siku. Kidonge kilichoandikwa 400 IU kina miligramu 180 au zaidi. Na nguvu za papo kwa papo haileti. Kazi yake ni kulinda chembe za mwili zisiharibike. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wanaume waliomeza 400 IU kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wenzao. Upungufu wenyewe ni nadra, huwapata zaidi wenye maradhi yanayozuia mwili kufyonza mafuta.

Basi tule. Kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti kina karibu miligramu 5 na nusu. Konzi ya karanga inatoa kama 2, nusu parachichi nayo kama 2. Mchicha ukiungwa kwa karanga, hapo umefika mbali, na vyote viko soko la Tandika. Korosho, pamoja na bei yake, ina kidogo sana! Ila mafuta yale yale ya kukaangia sambusa toka Ramadhani mosi mpaka leo, vitamini hiyo imeshaungua. Mwageni, mama zangu.

Mwenye ugonjwa wa utumbo au ini aliyeandikiwa vidonge na daktari, aendelee navyo, ameze usiku pamoja na chakula chenye mafuta.

Na wale wanaouliza kuhusu kutoboa kidonge na kupaka usoni mchana: kupaka hakufunguzi. Kumeza kunafunguza.

Kesho in shaa Allah tutaanza zakaatul-fitri.