SOMO: KAMPUNI ZA SIMU ZINAPOSHINDANA, USHARIKA UNAPATA NINI?



Katika taarifa za miradi za kila robo mwaka, fungu la mawasiliano huwa dogo, kwa hiyo hupitishwa bila maswali. Tukilijadili, husemwa tu kwamba simu zimekuwa nafuu kwa sababu kampuni ni nyingi. Hiyo ni nusu ya habari.

Hapa Tanzania Mobitel (Yas ya leo) ilianza mwaka 1994. Zikafuata Tritel, Zantel, Vodacom mwaka 2000 na Celtel (sasa Airtel) mwaka 2001. Kampuni zilikuwapo, lakini kupiga simu kulibaki ghali na watu wakawa wanabipu.

Sababu mojawapo ni ada ya kupokeleana simu. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, kampuni yako huilipa kampuni yake kwa kila dakika. Ada hiyo ikiwa kubwa, kupiga ndani ya mtandao huwa nafuu na kuvuka huwa ghali. Hapo jirani humfuata jirani: mwenyekiti, mhasibu na mchungaji wakiwa na laini za aina moja, katibu naye ataitafuta laini hiyo, hata kama kwake haishiki vizuri. Kampuni kubwa hubaki kubwa bila jasho, na ndogo hukosa wateja hata ikipunguza bei. Ndiyo maana watu wa kipato kidogo walitembea na laini mbili tatu. Haikuwa anasa.

Aliyepunguza kikwazo hicho ni Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), iliyoundwa mwaka 2003. Mwaka 2013 ada hiyo iliwekwa shilingi 34.92 kwa dakika, mwaka 2018 ikawa 15.60, na 2022 ikafika shilingi 2. Vifurushi vya kupiga mitandao yote vikawa vya kawaida. Kwa upande wa fedha, Tigo, Airtel na Zantel zilianza kupokeleana mwaka 2014, Vodacom ikajiunga 2016. Ushindani ulihitaji mwamuzi.

Lakini vijijini hali ni nyingine. Bei ya kifurushi ni ile ile ya mjini, ila kijiji chenye mnara mmoja hakina pa kukimbilia mnara ukizimika. Kampuni haijengi mahali ambapo wateja hawatarudisha gharama. Kwa maeneo hayo upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kampuni zenyewe huuchangia, kisha hushindania zabuni ya kujenga mnara kwa ruzuku. Kamati zilizo kwenye maeneo hayo zishirikiane na serikali ya kijiji kupeleka maombi kwa maandishi halmashauri, yakitaja shule na zahanati zilizopo.

Kuhusu michango ya ujenzi kwa simu: msichague namba kwa mazoea. Ulizeni kwanza washarika wengi wana laini gani, na wakala mwenye fedha za kutosha yuko wapi. Ada ya kutoa huenda kwa ngazi, hivyo kutoa mara moja kiasi kikubwa hugharimu kidogo kuliko kutoa mara kumi.

Katika taarifa ya robo ijayo, tunaomba fungu la mawasiliano ligawanywe: vocha, makato ya kutuma na kutoa, na nauli ya kufuata mtandao. Hiyo nauli haijawahi kuandikwa, na wafadhili wetu hawana njia nyingine ya kuijua.