Jeni ya Malaria Ndani ya Hamira

Mwandishi wa programu aweza kuita kipande kilichoandikwa kwa lugha moja, kikafanya kazi ndani ya programu ya lugha nyingine. Waliotengeneza chanjo ya RTS,S walifanya jambo lililo karibu na hilo. Sehemu ya jeni ya Plasmodium falciparum iliunganishwa na jeni ya protini ya ganda la virusi vya homa ya ini aina ya B, kisha ikapachikwa katika seli ya hamira. Hamira huyasoma maagizo hayo na kuunda protini, ingawa yenyewe haiujui ugonjwa huo.

Je, chanjo hiyo yaweza kumwambukiza malaria mtoto wa Korogwe au Handeni? Haiwezi. Ndani yake mna protini iliyosafishwa, wala hamna kimelea. Kipande kimoja cha maagizo hakiundi kiumbe kizima. Homa baada ya sindano yaweza kuwa mwitikio wa mwili, lakini mtoto apimwe malaria vilevile.

Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu kuanzia mwaka 2009. Kwa walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, malaria ilipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka 4. Kwa hiyo aliyechanjwa huendelea kulala ndani ya chandarua.