Swichi ya Mtandao Isiyo na Kelele: Somo la Joto, Hewa na Sauti

Neno "swichi" humkumbusha mtu wa kawaida kidude cha ukutani cha kuwashia taa. Katika makala haya tutalitumia kwa maana nyingine. Swichi ya mtandao ni kisanduku chenye matundu kadhaa ambamo huchomekwa nyaya za kompyuta ili kompyuta hizo ziweze kupelekeana data. Kila fungu la data linapoingia, swichi husoma anwani ya kompyuta inayopelekewa, kisha hulitoa kwa tundu la kompyuta hiyo peke yake, mithili ya karani wa posta anayepanga barua katika masanduku.

Zamani chombo hiki kilionekana zaidi katika mabenki na vyuo vikuu. Siku hizi kimeingia majumbani, na swali limeingia pamoja nacho: kwa nini swichi moja hukaa kimya kama jiwe, na nyingine huvuma kama mzinga wa nyuki tangu inapowashwa? Swali hili si la anasa. Katika nyumba zetu nyingi sebule ndiyo chumba cha kusomea, na mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayejiandaa kwa mtihani hana pengine pa kukimbilia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kwamba kelele za mfululizo zisizidi desibeli 30 katika chumba cha kulala, na desibeli 35 darasani wakati wa masomo. Swichi nyingi zilizoundwa kwa ajili ya vyumba vya mitambo huvuka viwango hivyo kwa mbali, lakini zikiuzwa mitumba bei yake huvutia, na mnunuzi huzichukua bila kuzisikiliza.

Jibu la swali letu limo katika fizikia ya sekondari. Tutaonyesha kwamba kelele ya swichi ni mtoto wa joto lake. Kwa hiyo anayetaka ukimya hana budi kuuliza kwanza habari za wati, ndipo aulize habari za kasi.

Kasi inayohitajika

Mtandao wa aina ya Ethernet ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, Marekani. Kasi yake ilikuwa karibu megabiti 3 kwa sekunde. Mwaka 1999 ilikubaliwa kanuni ya kupitisha gigabiti 1 kwa sekunde katika nyaya za shaba zilizosokotwa. Mwaka 2006 ikafuata ya gigabiti 10. Na mwaka 2016 zikaongezwa kasi za kati, yaani gigabiti 2.5 na gigabiti 5.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye kompyuta kadhaa na kompyuta moja ya kuhifadhia masomo ya video na vitabu. Faili la gigabaiti 50 lina gigabiti 400, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Tukiacha kando upotevu mdogo wa njiani, faili hilo litapita kwa sekunde 400 katika swichi ya gigabiti 1, kwa sekunde 160 katika ile ya gigabiti 2.5, na kwa sekunde 40 katika ile ya gigabiti 10.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie namba kubwa. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 200 kwa sekunde, yaani gigabiti 1.6 tu. Diski ya namna hiyo haiwezi kuijaza hata njia ya gigabiti 2.5. Aidha, ikiwa intaneti inayoingia nyumbani ina kasi ya megabiti 50 kwa sekunde, hakuna swichi itakayoiongeza. Kasi ya swichi hufaidisha mazungumzo ya kompyuta za ndani ya nyumba zenyewe kwa zenyewe.

Joto latoka wapi?

Swichi haiinui mzigo wala haitoi mwanga wa kutajika. Kwa kanuni ya uhifadhi wa nishati, karibu umeme wote unaoingia ndani yake hugeuka kuwa joto. Swichi ya wati 26 ni jiko dogo la wati 26.

Tundu la gigabiti 10 la waya wa shaba ndilo lenye njaa kubwa. Waya huo una jozi nne, na katika kila jozi ishara milioni 800 hupita kila sekunde kwa kila upande, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Mwangwi wa ishara inayotoka huchanganyika na ishara dhaifu inayoingia, na jozi moja huvujisha ishara katika jozi jirani. Chipu hulazimika kukokotoa bila kupumzika ili kuzitenganisha, na kila hesabu hula nishati. Kwa sababu hiyo tundu moja hutumia takriban wati 2 hadi 5.

Mambo ni mepesi zaidi kwenye uzi wa kioo, ambao mitaani huitwa faiba. Hapo kazi kubwa ni kuugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Kichwa cha kuchomeka cha gigabiti 10 kwa masafa mafupi hutumia kama wati 1 au pungufu. Matundu yanayopokea vichwa hivyo huandikwa SFP+. Kwa vyombo vilivyo karibu, upo pia waya mfupi wa shaba uliofungwa vichwa hivyo pande zote mbili tangu kiwandani, nao hutumia umeme mdogo zaidi.

Kisanduku kisicho na feni

Joto likishazaliwa sharti litoke. Katika kisanduku kisicho na feni, hewa iliyogusa bati lake hupanda na hewa baridi hushika nafasi yake. Sehemu nyingine ya joto hutoka kwa mnururisho. Kwa makadirio, njia hizi mbili pamoja huondoa wati 10 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi ambayo kisanduku kimeizidi hewa ya chumba.

Chukua kisanduku cha sentimita 20 kwa 10 kwa 3. Eneo la pande zake zote ni mita za mraba 0.058. Basi kila nyuzi 1 huondoa wati 0.58. Sasa tulinganishe swichi mbili za kubuni zenye umbo hilo, katika chumba chenye nyuzi 32.

Swichi A ina matundu 7 ya shaba ya gigabiti 10, kila moja wati 3, na chipu kuu ya wati 5. Jumla ni wati 26. Ili joto hilo litoke bila feni, bati lingepaswa kuzidi chumba kwa nyuzi 45, yaani kufikia nyuzi 77. Hilo halikubaliki, kwa hiyo fundi huweka feni.

Swichi B ina matundu 5 ya shaba ya gigabiti 2.5, kila moja wati 1, matundu 2 ya SFP+ ya wati 1 kila moja, na chipu ya wati 3. Jumla ni wati 10. Bati litazidi chumba kwa nyuzi 17 tu na kufikia nyuzi 49. Mkono utaona ni la moto, lakini chombo kitaishi, na hakitatoa uvumi wowote wa feni.

Feni na kelele zake

Hewa ya lita 1 kwa sekunde, ikipanda joto kwa nyuzi 10, hubeba wati 12. Swichi A basi inahitaji lita 2.2 tu kwa sekunde, ambazo feni pana ya mwendo wa pole ingezileta bila kumsumbua mtu. Taabu ni kwamba swichi za vyumba vya mitambo hujengwa kwa unene wa milimita 44 ili zipangwe nyingi katika kabati moja. Feni yake haiwezi kuzidi milimita 40. Kwa feni za umbo moja, kiasi cha hewa hufuata kasi ya mzunguko mara kipenyo kwa kipeo cha tatu. Feni ya milimita 40 ikitaka kusukuma hewa sawa na ya milimita 80, sharti izunguke mara 8 zaidi.

Mzunguko huo ndio unaolia. Feni yenye mapanga 5 ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, yaani mara 200 kwa sekunde, hukata hewa mara 1,000 kwa sekunde. Hutoa mlio wa hezi 1,000, uliomo katikati ya masafa ya sauti ya mazungumzo. Kinyume chake, kasi ya mzunguko ikipunguzwa nusu, kelele hupungua kwa takriban desibeli 15.

Wako watu ambao, kwa kuchoshwa na mlio, huing'oa feni. Ukimya huo ni wa mkopo. Maisha ya kapasita za maji ya kemikali hupungua kama nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na swichi inayopikwa namna hiyo huanza kukatakata mawasiliano, kisha hufa.

Jinsi ya kuchagua

Kwanza, hesabu ni kompyuta zipi hasa zinazohitaji zaidi ya gigabiti 1. Kwa kawaida ni mbili au tatu.

Pili, tafuta swichi isiyo na feni yenye matundu ya gigabiti 2.5 kwa kompyuta za kawaida, na matundu mawili ya SFP+ kwa zile zenye kazi nzito. Waya ulioandikwa Cat 5e hupitisha gigabiti 2.5 hadi mita 100, kwa hiyo nyaya za zamani hazina haja ya kung'olewa. Epuka kuchomeka katika SFP+ vichwa vya waya wa shaba wa gigabiti 10, kwani hurudisha lile joto tulilolikimbia.

Tatu, soma matumizi ya juu kabisa ya umeme na halijoto ya juu ya chumba inayoruhusiwa. Swichi nyingi za nyumbani huishia nyuzi 40. Chini ya paa la bati lisilo na dari, mchana wa Februari, kikomo hicho si cha mbali.

Nne, ipe nafasi ya kupumua. Usiifungie kabatini, usiiweke juu ya ruta, wala usiipambe kwa kitambaa cha kufuma.

Tano, ikiwa feni haiepukiki, chagua iliyo pana na ya polepole, au weka swichi mbali na chumba cha kusomea. Waya ni rahisi kuliko usingizi.

Mwisho, kumbuka LUKU. Swichi huwaka usiku na mchana. Swichi A hula yuniti 228 kwa mwaka, na B yuniti 88. Tofauti ya yuniti 140 hulipwa kila mwaka na mwenye nyumba.

Maswali

1. Kisanduku cha sentimita 25 kwa 15 kwa 4 kimezidi chumba kwa nyuzi 20. Kinaondoa wati ngapi?
2. Feni ya mapanga 7 inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Mlio wake una hezi ngapi?
3. Swichi ya wati 18 hutumia yuniti ngapi kwa mwaka wa siku 365?
4. Kwa nini swichi iliyosimamishwa wima ukutani hupoa vizuri kuliko iliyolazwa juu ya zulia? Jadilini darasani.

Majibu: (1) wati 21.4, (2) hezi 700, (3) yuniti 157.7.