Utungu wa Uzazi na Yampasayo Mume

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, amwumbaye mwanadamu tumboni mwa mama yake, umbo baada ya umbo. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake. Amma baad:

Miongoni mwa mambo yasemwayo barazani pasi na ilimu ni jambo la utungu wa uzazi. Yuko asemaye kuwa mwanamke mwenye imani huzaa kwa kuvumilia tu, na ya kuwa kutaka dawa ya kupunguza utungu ni uchache wa subira. Na yuko amkatazaye mkewe dawa hiyo, ilhali yeye mwenyewe hajauonja utungu huo wala hatauonja. Somo hili ni la kubainisha hukumu ya jambo hili, na wajibu wa mume ndani yake.

FASLU YA KWANZA: Utungu si adhabu

Mwenyezi Mungu ametaja mashaka ya mama katika Sura Luqman na katika Sura Al-Ahqaf: ya kwamba alimchukua mwanawe kwa udhaifu juu ya udhaifu, na akamzaa kwa taabu. Yametajwa hayo ili mtoto aamrishwe kuwatendea wema wazazi wake, wala hayakutajwa kwa kumlaumu mwanamke. Haikuja katika Qur'ani hata mahali pamoja kuwa utungu ni adhabu ya kosa la Hawa. Adamu na Hawa waliteleza wote wawili, wakaomba maghufira wote wawili, na hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine.

Yafaa Mwislamu alijue hili, kwani shaka hii imekwisha kuwapata watu wengine. Mwaka 1847, katika mji wa Edinburgh, tabibu James Young Simpson alianza kuwapa wazazi dawa ya nusukaputi iitwayo klorofomu. Wakatokea Wakristo waliompinga, wakisema kuwa utungu ni hukumu ya Mungu juu ya mwanamke, haifai kuuondoa. Simpson akawajibu kwa maandishi mwaka huo huo, na mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza akaitumia dawa hiyo katika kumzaa mwanawe Leopold. Basi Mwislamu asiichukue hoja ambayo dini yake haina asili nayo, akamkalia nayo mkewe.

FASLU YA PILI: Kisa cha Bibi Maryamu

Katika Sura Maryam imeelezwa kuwa utungu ulimpeleka Bibi Maryamu kwenye shina la mtende, naye akatamani lau angalikufa kabla ya hayo. Mwenye kusema hivyo ni mbora wa wanawake, wala hakukemewa kwa neno lake. Alinadiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito chini yake, akaambiwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, kisha ale, anywe, na jicho lake litulie.

Zingatia, ewe msomaji. Bibi Maryamu alizaa pasi na dawa, lakini hakuachwa pasi na msaada. Alipewa neno la kumwondolea huzuni, na maji, na chakula, na shina karibu naye. Hapa pana tofauti ambayo wengi hawaioni: kuzaa pasi na dawa ni jambo moja, na kuzaa pasi na msaada ni jambo jingine. Mume amwambiaye mkewe “vumilia”, kisha akatoka kwenda zake, hakumfuatisha Bibi Maryamu. Amemwacha mtu katika shida.

Na matabibu wameyafikia yaliyo karibu na hayo. Mwingereza Grantly Dick-Read alitoa kitabu mwaka 1933 akaeleza kuwa hofu huukaza mwili, na mwili uliokazwa huzidi kuuma. Basi mwanamke aliyefundishwa mapema yatakayompata, na kupumua vema, na kuulegeza mwili, huweza kuzaa kwa utungu mchache. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limehimiza mzazi awe na mwenziwe amtakaye muda wote, aachwe atembee na kukaa wima, ale na anywe ikiwa hana hatari, na asuguliwe mgongo na kukandwa kwa maji ya moto apendapo. Hayo yote hayana gharama kubwa. Yataka mtu wa kukaa naye tu.

FASLU YA TATU: Hukumu ya dawa

Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na akaamrisha watu wajitibu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i kujitibu ni sunna. Na wanavyuoni wake wametaja mtu akatwaye kiungo kilichooza, wakasema kwa kauli iliyo sahihi zaidi kuwa yajuzu kumpa kiondoacho akili, kisichokuwa pombe, ili asihisi maumivu. Ikiwa kuondoa akili nzima kumejuzu kwa haja, basi sindano ya ganzi ya mgongoni, ambayo akili hubaki nayo, ni aula zaidi kujuzu.

Lakini dawa hizi zina madhara yake. Sindano ya ganzi huweza kushusha nguvu ya damu ya mama na kurefusha muda wa kusukuma. Na dawa kama pethidini huweza kumlegeza mtoto pumzi zake. Kwa hiyo ziwe mkononi mwa mjuzi. Mwanamke aziachaye kwa hiari yake, akasubiri, ana thawabu. Na azitakaye hana lawama. La kulazimishwa halimo katika mawili haya.

FASLU YA NNE: Yampasayo mume

Husemwa: “Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, bei ya dawa na ujira wa tabibu haviko katika nafaka ya mke.” Ni kweli, imeandikwa hivyo. Walakini Mwenyezi Mungu ameamrisha kukaa na wake kwa wema, na kuiokoa nafsi inayoangamia ni faradhi. Asijifiche mtu nyuma ya mstari mmoja wa fikihi ili ausalimishe mfuko wake.

Husemwa tena: “Afaye kwa uzazi ni shahidi.” Ni kweli, imekuja katika hadithi. Na katika hadithi hiyo hiyo afaye maji naye ni shahidi. Je, yuko amwonaye nduguye azama akaizuia kamba?

Basi mume atafute mkunga mjuzi kabla ya mwezi wa kuzaa, aweke fedha, na ajue ni chombo gani kitakachomchukua mkewe usiku. Dua na kombe ni vyema, lakini visiwe sababu ya kuchelewa. Akiona damu nyingi, au kifafa, au homa kali, au mkono wa mtoto umetangulia, au utungu umerefuka kupita kadiri asemavyo mkunga, hapo si mahali pa subira ya nyumbani. Ampeleke hospitali saa ile ile. Na tabibu mwanamke ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, mwanamume yajuzu kwa dharura, kwa kadiri ya haja, mbele ya mume au maharimu. Wivu usiomruhusu tabibu ukamruhusu mchimba kaburi si katika dini.

Na subira yampasa mume kwanza: asikunje uso mkewe akilia, wala asimhesabie kilio chake. Bibi Maryamu alisema aliyoyasema, na Mola wake akamjibu kwa maji na tende.

Mwenyezi Mungu awasahilishie wazazi wetu wa kike, na atujaalie kuwa msaada kwao. Amin. Wabillahi ttaufiki.