SOMO LETU: AMRI YA MKUBWA SI KINGA

Mkubwa akikuamuru umtese mtu, nani atajibu mbele ya sheria? Ni yeye aliyeamuru au ni wewe uliyetenda? Swali hili lilijibiwa huko Ujerumani mwaka 1946, na jibu lake latuhusu hata sisi. Basi tulisome pamoja polepole.

Yaliyotokea

Hitler alishika serikali ya Ujerumani mwaka 1933, na mwaka uo huo kambi za mateso zikaanza. Kwanza walifungwa wapinzani wa serikali, baadaye Wayahudi, watu wa kabila la Roma na wengine wengi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa kwa risasi, kwa njaa na kwa gesi ya sumu.

Kambi zafunguliwa

Tarehe 27 Januari 1945 askari wa Kisovieti walifika Auschwitz, nchini Poland. Walikuta wafungwa kama 7,000 tu, tena wagonjwa. Walinzi walikuwa wameshawaswaga maelfu ya wengine kwa miguu katika baridi kali, na kubomoa majengo ya kuulia ili kuficha ushahidi. Tarehe 15 Aprili Waingereza waliingia Bergen-Belsen, wakakuta watu wapatao 60,000, na maiti kwa maelfu ambazo hazijazikwa. Maelfu zaidi walikufa hata baada ya kufunguliwa, maana miili ilikuwa imekwisha.

Ushahidi wawekwa

Jenerali Eisenhower wa Marekani alizuru kambi ya Ohrdruf tarehe 12 Aprili 1945. Aliona mbali: siku moja watu watasema huo ni uongo. Kwa hiyo aliomba wabunge na waandishi wa habari waje wajionee kwa macho yao. Picha na sinema zilipigwa, walionusurika waliandikwa maneno yao, na karatasi za wauaji wenyewe zilihifadhiwa.

Kesi ya Nuremberg

Kesi ilianza tarehe 20 Novemba 1945 mbele ya mahakimu wa nchi nne. Siku chache baadaye sinema ya kambi ilionyeshwa kortini. Hukumu ilitolewa tarehe 1 Oktoba 1946: washtakiwa 12 walihukumiwa kunyongwa, 7 kifungo, na 3 waliachiliwa. Hapo tunapata mafundisho matatu:

1. Kiongozi wa nchi naye hushtakiwa.
2. Kusema "niliamriwa" hakumwondolei mtu hatia.
3. Kuangamiza raia ni kosa dhidi ya ubinadamu, hata kama sheria ya nchi hiyo iliruhusu.

Mpaka kwetu

Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Hata hivyo, mkataba peke yake haukuzuia mauaji ya Rwanda mwaka 1994. Lakini safari hii njia ya korti ilikuwepo. Huko Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alipatikana na hatia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa korti ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Naye hakuwa mfalme wala jenerali. Alikuwa mkubwa wa mtaa tu. Kenya nayo ilitunga sheria mwaka 2008 inayoyafanya makosa haya yahukumiwe hapa hapa nchini.

Tufanye nini?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Je, uhai wa mtu si zaidi ya mali? Mtu akiteswa au akipotezwa, tuandike jina, tarehe, mahali na walioona. Tuweke nakala mbili, kila moja mahali pake. Hasira hupoa, lakini maandishi hubaki.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini walinzi wa Auschwitz walibomoa majengo?
2. Kijana wenu akiambiwa na mkubwa achome nyumba ya jirani, mtamshauri nini?
3. Ni nani katika kikundi ataandika na kutunza kumbukumbu?